Bwawa Limeondoka, Uwanja Bado: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Ardhi Kabla ya Kusawazisha

Malalamiko yanayotufikia yanafanana mno. Bwawa la kuogelea limebomolewa, shimo likafukiwa, katapila likapita juu mara mbili tatu, nyasi zikapandwa na kila aliyeona akasifu. Msimu wa kwanza wa mvua ukaisha na umbo la bwawa likarudi: bonde jembamba linazunguka palepale kuta zilipokuwa, na katikati kuna dimbwi lisilokauka.

Wengi hudhani kosa liko kwenye kusawazisha, wakaleta lori jingine la udongo na kumwaga juu. Mwaka unaofuata panatitia tena. Kosa huwa liko chini zaidi, kwenye udongo uliomwagwa bila kushindiliwa na kwenye sakafu ya bwawa iliyoachwa nzima ikashika maji. Fundi wa kusawazisha anashughulika na sentimita za juu tu. Mita mbili za kifusi kilicholegea haziko mikononi mwake.

Mwongozo huu unaanza pale ubomoaji unapokwisha na kuishia pale mashine ya kusawazisha inapoingia. Kama shimo lako bado liko wazi, una bahati, maana kila kitu hapa kitakuwa rahisi mara dufu. Kama limekwisha kufukiwa, usikate tamaa, ila uwe tayari kuchimba upya baadhi ya sehemu.

## Kusanya vitu hivi kwanza

Vya kupimia

- Vigingi vya mbao visivyopungua ishirini, uzi imara na nyundo.
- Mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 15 hadi 20. Ukiweza kukodi leza ya usawa, vizuri, lakini mpira hautakudanganya.
- Tepu ndefu ya kupimia.
- Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1.2, ncha moja imechongwa na nyingine imechomelewa mkono wa kushikia. Hiki ndicho chombo chenye thamani kuliko vyote katika orodha hii.
- Kekee ya mkono ya kutobolea udongo, na vipande viwili vya bomba la plastiki lenye matundu, mita 2 kila kimoja.
- Chokaa au rangi ya kupuliza kwa ajili ya alama.

Vya kazi

- Sepetu, sururu, mtaimbo, reki la chuma na toroli.
- Mashine ya kushindilia.
- Mpira wa maji wenye kinyunyizio.
- Turubai za kufunikia udongo.
- Buti ngumu, glavu, miwani na barakoa ya vumbi.

Kuhusu mashine ya kushindilia, usichukue yoyote iliyopo dukani. Udongo wa kichanga na changarawe hushikana kwa kutetemeshwa, kwa hiyo unahitaji mashine ya bamba. Mfinyanzi haujali mtetemo. Unataka kupigwa na kukandamizwa, kwa hiyo unahitaji ile yenye mguu unaorukaruka. Ukipitisha bamba juu ya mfinyanzi, utapata ganda gumu juu na udongo laini chini yake, na hutajua mpaka mvua inyeshe.

Udongo

Unahitaji wa aina mbili, na usikubali vichanganywe. Wa kwanza ni wa kujazia: udongo usio na mizizi, majani, mbao wala takataka, kwa sababu chochote kinachooza huacha uwazi. Wa pili ni udongo wa juu wenye rutuba kwa ajili ya mimea, na huo haugusi shimo kabisa.

Hesabu yake inakwenda hivi. Chukua bwawa la mita 10 kwa 5, kina mita 1 upande mmoja na mita 2 upande wa pili, sakafu ikishuka taratibu. Wastani wa kina ni mita 1.5, kwa hiyo shimo ni mita za ujazo 75. Sentimita 15 za juu zimewekewa udongo wa rutuba, nazo ni mita za ujazo 7.5. Inabaki 67.5 ya kujazia. Sasa ongeza robo nzima, maana udongo unapofika na lori umelegea na utapungua ukishindiliwa: unapata kama 84. Lori la mita za ujazo 10 litafanya safari tisa.

Hapa ndipo wengi huumia. Wanaagiza 75, shimo linajaa mpaka pomoni, wanafurahi. Limejaa hewa.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeme, gesi na maji vimekatwa kwenye chanzo

Kabla ya kuchomeka nondo yoyote ardhini, fuatilia kila kilichokuwa kikilihudumia bwawa: waya wa pampu, waya wa taa za ndani ya maji, bomba la gesi kama maji yalikuwa yakipashwa moto, bomba la kujazia, mabomba ya kurudishia maji na lile la kutolea uchafu.

Kukata waya pale pampu ilipokuwa hakutoshi. Waya bado una umeme mpaka kwenye ubao wa swichi ndani ya nyumba. Fundi umeme aukate hukohuko, na gesi ifungwe na fundi mwenye leseni. Uliza pia mamlaka za huduma kama kuna nyaya au mabomba yao yanayopita uwanjani.

Mabomba matupu yanayobaki ardhini yazibwe ncha zote mbili. Bomba lililo wazi ni njia ya panya na ni njia ya maji. Udongo laini huingia humo kidogo kidogo, na baada ya muda unaona shimo dogo limejitokeza mbali kabisa na bwawa na huelewi limetoka wapi.

Ukimaliza hatua hii unapaswa kuwa na mchoro wa mkono unaoonyesha kila mstari, ulipokatwa na ulipozibwa. Utauhitaji hatua ya mwisho.

## Hatua ya 2: Jua kilichobaki chini

Bwawa huondolewa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kung'oa kila kitu, kuta na sakafu, likabaki shimo la udongo mtupu. Ya pili ni kubomoa sehemu ya juu ya kuta, kwa kawaida sentimita 45 hadi 90, kutoboa sakafu na kufukia kilichobaki. Ya pili ina gharama ndogo, na ndiyo inayotuletea maswali mengi.

Mwombe aliyebomoa picha za kazi. Kama hana, chimba mashimo mawili ya majaribio, moja penye ukingo wa zamani na jingine kuelekea katikati. Unatafuta mambo matatu.

Kwanza, ukuta umekatwa kina gani. Ukuta ulio sentimita 20 chini ya nyasi utakusumbua milele: udongo juu yake hukauka mapema na nyasi hunyauka kwa mstari ulionyooka. Tena kisu cha mashine ya kusawazisha kitaugonga.

Pili, vipande vya zege ni vikubwa kiasi gani. Vinavyozidi sentimita 30 huacha mianya ambayo udongo wa juu huteremkia polepole. Visiwepo kabisa ndani ya sentimita 60 za juu.

Tatu, kama kuna kitambaa cha jiotekstaili kati ya vifusi na udongo. Kazi yake ni kupitisha maji na kuuzuia udongo usiyafuate. Bila hicho, kila mvua huchukua udongo kidogo kwenda chini.

Onyo moja: usiingie kwenye shimo la kina kinachozidi mita 1.2 ambalo kingo zake hazijalazwa au kuzuiwa kwa mbao. Udongo wa kujazia ndio unaoporomoka kwa urahisi kuliko wote, na mita moja ya ujazo ina uzito unaozidi tani moja na nusu.

## Hatua ya 3: Chunguza kama sakafu inashika maji

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nami nashuku ndiyo chanzo cha nusu ya madimbwi tunayoonyeshwa picha zake.

Sakafu isiyotobolewa ni sufuria iliyozikwa. Mvua inaingia kutoka juu, haina pa kwenda, na udongo wote ndani unabaki chepechepe. Udongo wa aina hiyo haushindiliki hata ukipitisha mashine siku nzima.

Toboa shimo la kekee hadi mita 1.5 hivi pale palipokuwa na kina kirefu, uchomeke bomba lenye matundu. Toboa jingine la kina hichohicho mita tatu nne nje ya bwawa, kwenye ardhi ambayo haijawahi kuchimbwa. Funika vichwa vya mabomba yote mawili, usubiri mvua nzuri. Kisha teremsha kijiti kikavu ndani ya kila bomba kwa siku kadhaa mfululizo, usome kilipolowa.

Majibu yako matatu:

- Mabomba yote makavu, au maji yanashuka ndani ya siku moja mbili. Endelea.
- La ndani lina maji, la nje ni kavu. Sakafu inashika. Itabidi uchimbe upande wa kina kirefu mpaka kwenye zege na kutoboa matundu mapana kadhaa, mahali pa chini kabisa, kisha ujaze kokoto juu yake kabla ya kurudisha udongo.
- Yote mawili yana maji, na kwa usawa unaolingana. Hayo ni maji ya ardhini. Kutoboa sakafu hakutasaidia, maana maji yatapandia humohumo. Hapa mwite mhandisi apange mifereji ya chini kabla hujatumia fedha nyingine.

## Hatua ya 4: Safisha uso

Toa vipande vya zege, vigae, nondo, plastiki na waya. Tembea uwanja mzima kwa mistari, si kwa kuzungukazunguka, ukivuta reki la chuma. Nondo inayochungulia sentimita mbili tu hukata tairi la mashine, na baadaye hukata mguu wa mtoto.

Vipande vidogo vya zege na vumbi lake vina chokaa, na chokaa hupandisha alikalini ya udongo kiasi kwamba mimea mingi hugeuka manjano. Palipochanganyiwa zege au saruji, kwangua sentimita chache za juu na uzitoe. Kama bado kuna zege la kupasua, liloweshe kwanza, na barakoa isitoke usoni. Vumbi hilo linaumiza mapafu.

Angalia pia njia waliyopita malori. Ardhi hiyo imekandamizwa kuliko bwawa lenyewe, na maji hayapenyi. Itifue kwa sururu au kwa meno ya mashine hadi sentimita 15 au 20. Mti ulio karibu usirundikiwe udongo juu ya mizizi, hata kwa wiki moja.

## Hatua ya 5: Pima ugumu kwa nondo

Sasa ile nondo. Subiri udongo uwe na unyevu wa kawaida, kwa sababu uliolowa huonekana laini na uliokauka huonekana mgumu, na vyote viwili ni uongo.

Anza nje ya bwawa, kwenye ardhi asilia. Simama wima, shika mkono wa nondo kwa mikono miwili na uiegemee kwa uzito wa mwili wako bila kupiga wala kuzungusha. Tia alama pale ilipokwama. Hicho ndicho kipimo chako cha kulinganishia. Kila udongo una chake.

Kisha pima ndani ya bwawa kila baada ya mita moja. Penye mstari wa ukuta wa zamani, pima kila nusu mita. Nondo ikikwama karibu na kina cha ardhi asilia, pako sawa. Ikizama sentimita 30 au zaidi kwa ulaini, paka chokaa. Ikizama kidogo, ikakwama, halafu ikaachia ghafla na kushuka tena, una uwazi chini, na hapo ni lazima kuchimba.

Ukimaliza, simama mbali utazame alama. Mara nyingi chokaa huchora pete inayofuata ukuta. Sababu yake haifichiki: mashine kubwa haifiki vizuri ukingoni, mwendeshaji anaogopa kugonga zege, na udongo wa pale unabaki kama ulivyomwagwa.

Kipimo hiki ni cha uwanja wa nyasi, bustani na njia ya miguu. Kama unakusudia kujenga chochote juu ya bwawa la zamani, hata banda la gari, nondo haitoshi. Unahitaji maabara ipime ushindiliaji kwa kipimo cha Proctor, kinacholinganisha msongamano wa udongo wako na ule wa juu kabisa uliopatikana maabara, na kwa chini ya majengo kinachodaiwa kwa kawaida ni asilimia 95. Kwa uwanja wa kawaida, 90 inatosha.

## Hatua ya 6: Chimba palipo laini na ushindilie upya kwa matabaka

Chimba kila palipopakwa chokaa mpaka ukute pagumu. Ndiyo, hata kama ni mita moja. Kushindilia kutoka juu hakufiki: mashine ya mkono hufanya kazi katika sentimita 15 hadi 20 za udongo, na chini ya hapo inapiga kelele tu.

Kata ngazi ukingoni. Palipo na mpaka kati ya udongo mgumu wa zamani na wa kujazia, usiache ukuta uliosimama wima. Kata ngazi zenye upana wa sentimita 30 hivi kwenye udongo mgumu, ili udongo mpya uukalie na kuung'ata. Mpaka ulio wima ndio unaopasuka baadaye na kuchora lile umbo la bwawa.

Pima unyevu wa udongo. Chota konzi moja, ikamue kwa nguvu, fungua kiganja. Tonge likibaki na umbo, liangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye sehemu ngumu. Likipasuka vipande vikubwa vichache, udongo uko tayari. Likisambaratika kuwa vumbi, nyunyizia maji, geuza kwa sepetu, ujaribu tena. Likijibandika chini kama tope au likiacha kiganja kimelowa, anika udongo huo. Hakuna mashine inayoshindilia maji.

Mwaga tabaka la sentimita 15 hadi 20, si zaidi. Lisambaze kwa reki liwe sawa. Pitisha mashine mara tatu nne, kila mstari ukipanda juu ya ule uliotangulia. Badilisha mwelekeo kila tabaka: hili kwa urefu, lijalo kwa upana.

Sikiliza mashine. Mwanzoni inazama na sauti yake ni nzito, ya kumezwa. Udongo ukishashikana, mashine huanza kudunda na sauti hukauka, ikawa ya kugonga kitu kigumu. Bonyeza kisigino: kiache alama hafifu tu. Chomeka nondo. Ukiridhika, kwaruza uso wa tabaka kwa meno ya reki kabla ya kumwaga lijalo, ili matabaka yashikane badala ya kuteleza moja juu ya jingine.

Mambo matatu ya hatari. Mashine ya petroli ndani ya shimo lenye kina hutoa hewa ya sumu inayojikusanya humo. Usifanye kazi hapo bila hewa kuzunguka. Karibu na msingi wa nyumba au ukuta wa jirani, tumia kishindilio cha mkono, maana mtetemo hupasua. Na usikubali ushauri wa kujaza maji shimoni ili udongo ukae wenyewe. Kwa mchanga mtupu unaopitisha maji kuna ukweli kidogo, lakini kwa mfinyanzi unatengeneza tope litakalochukua miezi kukauka.

Dalili ya kufaulu: toroli lililojaa udongo mbichi linapita juu bila gurudumu kuzama na bila ardhi kuinuka na kushuka mbele yake. Ukiona uso unatikisika, kuna tabaka lililolowa chini. Lichimbe sasa.

## Hatua ya 7: Amua maji yaende wapi

Kusawazisha uwanja si kuufanya uwe tambarare. Uwanja ulio sawa kabisa ni uwanja wa madimbwi. Unachotafuta ni mwinamo usioonekana kwa jicho lakini maji yanaujua.

Kanuni mbili zinatosha. Katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani mwa nyumba, ardhi ishuke sentimita 15, yaani sentimita 5 kwa kila mita. Baada ya hapo, sentimita 2 kwa kila mita. Kama kutoka nyumba hadi mwisho wa uwanja ni mita 15, mita 3 za mwanzo zinashusha sentimita 15, na 12 zilizobaki zinashusha 24. Jumla ni sentimita 39. Pima kama tofauti hiyo ipo kweli kabla hujaiahidi nafsi yako.

Isipokuwepo, chimba mtaro mpana usio na kina, unaoweza kukatwa nyasi juu yake, uyapeleke maji pembeni. Usiyapeleke kwa jirani. Sehemu nyingi sheria inakataza, na hata pasipokatazwa, utakutana naye kesho.

Na bwawa la zamani lisiwe njia ya maji. Hata likishindiliwa vizuri, ni bora maji yapite kando yake kuliko kulivuka.

Jinsi ya kuhamisha usawa kwa mpira. Jaza maji mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja tu linaharibu kipimo. Funga ncha moja kwenye kigingi penye ukuta wa nyumba, nyingine ipeleke kwenye kigingi cha mbali. Maji yakitulia, usawa wake pande zote mbili ni mmoja. Tia alama kwenye vigingi vyote viwili, na vivyo hivyo kwenye kigingi cha tatu kilicho mita 3 kutoka ukutani. Shusha alama zote kwa kiasi kilekile mpaka ya nyumba iwe pale unapotaka ardhi iishie. Kisha kwenye kigingi cha mita 3 shuka sentimita 15, na kwenye cha mbali shuka jumla uliyohesabu, utie alama ya pili. Funga uzi kutoka alama ya nyumba, upitie alama ya chini ya kigingi cha mita 3, hadi alama ya chini ya kigingi cha mbali. Hicho ndicho kimo cha mwisho cha ardhi.

Angalia upande wa nyumba pia: udongo wa mwisho ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani. Ukipanda juu ya hapo, ukuta utanyonya maji.

## Hatua ya 8: Tengeneza uso wa chini

Udongo wa kujazia hauishii kwenye uzi. Unaishia sentimita 15 chini yake, kuacha nafasi ya udongo wa rutuba. Penye vichaka acha 30. Uso huu wa chini uwe tayari na mwinamo uleule wa juu. Usitegemee udongo wa rutuba kurekebisha mwinamo, kwa sababu maji yanayopenya hufuata uso wa chini.

Udongo wa rutuba wenyewe usiumwage bado. Urundike pembeni, chini ya turubai, mbali na njia ya maji. Rundo lisiloezekwa huyeyuka na mvua moja na kuishia kwenye mtaro wa barabara.

## Hatua ya 9: Subiri, lakini kwa vipimo

Watu huuliza, nisubiri muda gani? Udongo ulioshindiliwa kwa matabaka hauhitaji kungoja misimu. Uliomwagwa tu unaweza kutitia kwa miaka. Kwa hiyo usihesabu miezi, pima.

Pigilia vipande vitano vya nondo vyenye urefu wa sentimita 30 ndani ya eneo la bwawa: vinne karibu na ukingo, kimoja kati. Kwa kutumia mpira wa maji, pima kimo cha kila kichwa ukilinganisha na alama isiyosogea kwenye ukuta wa nyumba. Andika. Rudia kila wiki na baada ya kila mvua kubwa.

Namba zikibaki zilezile baada ya mvua mbili tatu nzito, ardhi imetulia. Kimoja kikishuka peke yake, kuna uwazi chini yake. Rudi hatua ya 5 kwa sehemu hiyo tu. Vyote vikishuka kwa pamoja, hakuna tabaka lililoshindiliwa ipasavyo, na kazi ni ya kurudiwa.

Kama ni kiangazi na hakuna dalili ya mvua, washa kinyunyizio kwa saa kadhaa, polepole, maji yapenye bila kutuama. Halafu tembea ukiangalia. Maji yanayokaa zaidi ya siku moja yanakuonyesha pa kushughulikia, bila gharama yoyote.

## Hatua ya 10: Kabidhi uwanja kwa fundi wa kusawazisha

Usimwachie aje ajionee mwenyewe. Mpe mchoro wa mabomba uliotengeneza hatua ya 1, kina cha ukuta uliobaki kama upo, na uzito wa mashine ambao uwanja unaweza kubeba. Chora kwa chokaa umbo zima la bwawa la zamani. Weka bendera juu ya tanki la maji taka, ambalo halipitiwi na mashine kwa hali yoyote.

Acha vigingi vyenye alama mbili, ya uso wa chini na ya kimo cha mwisho, kila mita tatu kwa upande mmoja na mwingine. Mwambie atifue sentimita 5 za juu za uso wa chini kabla ya kusambaza udongo wa rutuba, ili mizizi ipite, na asiushindilie udongo huo kwa mashine nzito.

Mabomba ya kekee yaache ardhini mpaka kazi nzima iishe. Mvua ya kwanza baada ya kusawazisha, shusha kijiti kikavu uone, kabla hujamlipa sehemu ya mwisho ya malipo yake.